Fundi Noah, Vidonge na Mbangara

Mzazi yeyote wa Voi aliyepeleka mtoto shule miaka ile alijua mahali pa kumpata Fundi Noah. Alikaa barazani pa duka la vitambaa la Mansur, upande wenye kivuli, nyuma ya cherehani nyeusi ya kukanyaga. Mansur aliuza kitambaa ndani, Noah akakishona nje. Walikuwa wameishi hivyo miaka kumi na minne, Mwislamu aliyezaliwa pwani na Mtaita wa Mbololo, wakigawana chai, habari na malalamiko ya vumbi.

Noah hakuwa mtu wa maneno mengi. Akili yake ilikuwa mikononi na machoni. Alimtazama mtoto mara moja kutoka kisogoni hadi kwenye magoti, akamwambia ageuke, na siku ya tatu kaptula ilikuwa tayari, ikimkaa vizuri kuliko ngozi yake. Aliacha upindo mpana ndani ili mtoto akirefuka kaptula irefuke naye. Kina mama walimpenda kwa upindo ule.

Mwishoni mwa mwaka wa 1993 kaptula zilianza kukosea. Mguu mmoja ulitoka mrefu, mwingine mfupi. Kisha hata hizo zenye makosa zikaacha kutoka. Noah alikuja asubuhi, akavua kifuniko cha cherehani, akaketi. Mguu ulikaa juu ya kikanyagio bila kukanyaga. Chai ilipoa mbele yake mpaka ikafanya utando. Alikonda, kola ikamwachia nafasi ya vidole viwili. Nyumbani alilala mapema na kuamka kabla ya jogoo, akaukodolea macho ukuta mpaka kulipokucha.

"Fundi," Mansur alimwambia siku moja, "wateja waja hapa wakikuulizia, na wewe upo. Hilo ndilo lanitisha."

Noah alitikisa kichwa tu. Baadaye alisema kwamba wakati ule alijiona kama nguo iliyoning'inizwa: ina mikono, ina kola, ndani hamna mtu.

Watu walikuwa na maelezo yao, na yote yaliishia kwa binti yake wa kwanza, Wakesho. Miaka miwili kabla ya hapo Wakesho alikuwa ameondoka kwenda kuishi na kijana wa Kikamba aitwaye Musyimi, mchungaji wa ng'ombe kwenye ranchi upande wa Ndara. Hapakuwa na barua wala posa, na mzee wa upande wa kijana hakutumwa hata kubisha hodi. Noah alipopata habari aliweka mkasi chini na kusema mbele ya watu, "Basi huyo si wa kwangu tena." Maneno hayo yalipanda mlima mpaka Mbololo na kushuka mpaka Ndara. Sasa alipodhoofika, watu walisema ni hasira inayomla kutoka ndani.

Mkewe, Tryphena, mwalimu wa chekechea, naye alidhani hivyo. Lakini Tryphena ni mtu wa kutafuta hakika. Mwezi wa Machi alimfunga Noah vifungo vya koti kama anavyowafunga watoto wake wa darasa na kumpeleka hospitali.

Daktari hakuharakisha. Aliuliza juu ya usingizi, chakula na kazi. Aliuliza kama Noah amewahi kutamani asubuhi isije. Noah alitazama sakafu, na kwa mara ya kwanza Tryphena akamsikia mumewe akisema, "Ndiyo. Mara mbili." Tryphena alimshika mkono na hakuuachia mpaka walipotoka. Daktari aliuliza pia juu ya moyo, kifafa, macho, shida ya kukojoa, na dawa nyingine yoyote anayomeza, hata ya mafua, hata ya mitishamba. Alimpima presha akiwa ameketi, kisha akiwa amesimama. Mwishoni alisema huu ni ugonjwa wa huzuni, kwamba ni ugonjwa kama malaria ilivyo ugonjwa, na una dawa.

Dawa zilitolewa na Sista Umi, mwanamke mnene mwenye miwani na buibui aliyoitundika nyuma ya mlango. Alitia vidonge katika bahasha ndogo ya kaki.

"Hii yaitwa amitriptilini," alisema. "Kimoja usiku unapokwenda kulala. Baada ya siku chache viwili, kisha vitatu, kama daktari alivyoandika hapa. Usiruke, usizidishe."

"Ni dawa ya wazimu?" Noah aliuliza.

"Umeniona nikikufunga kamba, Fundi?"

Tryphena alicheka kabla ya kujizuia. Hata Noah mdomo ulimcheza.

"Sasa nisikilize, kwa sababu hii dawa ni rafiki mwenye masharti," Sista Umi aliendelea. "Itakukausha kinywa. Kunywa maji kidogo kidogo. Choo kitakuwa kigumu, kwa hivyo kula mboga na mapapai. Asubuhi utakuwa na usingizi. Ukiamka usiruke kitandani kama askari, keti kwanza, hesabu mpaka ishirini, ndipo usimame. Na usitegemee kupona kesho. Masharti yatatangulia, nafuu itafuata. Wiki mbili, tatu, pengine nne. Wengi huacha wiki ya kwanza, wakasema dawa mbaya."

"Na pombe?" aliuliza Tryphena, maana Noah alipenda bia moja Jumamosi.

"Pombe hapana. Hii dawa na pombe zikikutana hulaza mtu vibaya, na moyo huenda usikubali. Jambo la mwisho." Sista Umi hakumpa Noah bahasha, alimpa Tryphena. "Zitakaa kwako, mama. Wiki mbili mbili. Mahali pa juu, mahali pa kufungwa. Vidonge vichache tu hivi vyaweza kumuua mtoto mdogo. Na akikuambia tena habari ya asubuhi isije, usingoje tarehe ya kadi, mlete siku hiyo hiyo."

Basi ikawa hivyo. Kila usiku Tryphena alipanda kiti, akashusha mkebe kutoka juu ya kabati, akaufungua kwa ufunguo alioufunga kwenye leso, na kumpa mumewe dawa na kikombe cha maji.

Wiki ya kwanza ilikuwa kama Sista alivyosema. Fundi cherehani hulowesha ncha ya uzi kwa mate ili ipenye tundu la sindano, na Noah hakuwa na mate. Alitia uzi mdomoni, ukatoka mkavu kama ulivyoingia. Isitoshe, tundu la sindano lenyewe lilikuwa limejaa ukungu. Alijaribu mara tano, kisha akamwita Mansur.

"Miaka kumi na minne nakukodisha baraza," alisema Mansur akiinama juu ya sindano, "na leo ndiyo kwanza naajiriwa."

Siku nyingine Noah alisimama ghafla kumpokea mteja, baraza likazunguka, akakaa bila kupenda juu ya marobota ya khaki. Baada ya hapo alijifunza kusimama kwa awamu, kwanza mgongo, kisha magoti. Mansur alisema anainuka kama ngamia. Alipoongezewa kufikia vidonge vitatu, ukungu wa macho ulirudi siku chache, kisha ukaondoka. Kinywa kilibaki kikavu, lakini alizoea kuweka chupa ya maji kando ya cherehani.

Katika wiki ya nne, Jumatano, Tryphena alipika ugali na mchicha wa nazi, na Noah akasema, "Chumvi imezidi kidogo." Tryphena alikwenda jikoni akajifuta macho. Kwa miezi mitano mtu huyu hakuwa ameonja kitu.

Mwezi wa Juni meza ya cherehani ilijaa tena. Danson, fundi wa viatu wa ng'ambo ya barabara, alimjia kwa kunong'ona. "Nasikia una dawa ya usingizi. Mimi mgongo wanisumbua, silali. Nipe viwili tu."

"Hizi nilipimiwa mimi," Noah alijibu. "Wewe moyo wako naujua? Nenda ukaonwe."

"Kumbe umekuwa daktari!"

"Nimekuwa mgonjwa mzuri. Ni kazi ngumu kuliko ya daktari."

Akili ilipotulia, jambo moja lilibaki pale pale likimngoja. Wakesho alikuwa amezaa. Mtoto wa kike, Loise, alikuwa na mwaka na miezi miwili, na Noah hakuwa amemtia machoni. Alijaribu kuitafuta ile hasira ya zamani, kama mtu apapasavyo mfukoni, akakuta haipo. Alichokuta ni hamu. Alitaka kumwona mtoto anafanana na nani. Alitaka Wakesho aje apite barazani na kusema shikamoo baba, kama zamani akitoka shule.

Alipanda Mbololo kumwambia kaka yake mkubwa, Morris.

"Sina hasira na mtoto wangu," alisema.

Morris alikuwa mzee wa kanisa na mkulima wa miwa, na aliamini mambo yote mawili kwa nguvu sawa. "Vizuri. Lakini ulinena mbele ya watu. Na yule mtoto mdogo anashikwa na homa kila mwezi. Unajua watu wanasema homa hiyo inatoka wapi."

"Inatoka kwa mbu wa Ndara."

"Pengine. Sasa njoo uiteme hasira tuone, na mbu wajitetee wenyewe."

Alikuwa na maana ya kutasa. Kwa Wataita, hasira ya mzazi yaweza kumwuguza mtoto hata mjukuu, na si jambo la kusema tu kwamba imekwisha. Mzazi huchukua funda la mbangara, ile pombe ya miwa, akalitema kwa kunyunyiza hewani, akanena maneno ya amani, na kila aliyepo huona kwa macho kwamba moyo umemwagwa. Kisha kibuyu huzunguka na kila mtu hunywa. Anayetema bila kunywa huonekana kabakiza kitu. Siku iliwekwa: Jumamosi ya kwanza ya Agosti, shule zikiwa zimefungwa. Musyimi alipelekewa habari, akajibu kwamba wangekuja, yeye na mkewe na mtoto, na mbuzi.

Noah alishuka mlima akiwa na furaha, na nusu ya njia akakumbuka masharti ya Sista Umi.

Mtu mwingine angemwuliza Sista. Lakini Noah alikuwa fundi, na fundi akiona kitambaa hakitoshi hukata mahali pengine. Alifikiri hivi: ikiwa dawa na pombe hazipatani, basi moja ipishe nyingine. Angeacha vidonge tangu Jumatatu, mwili usafike, Jumamosi anywe mbangara kama mzazi kamili, na Jumapili avimeze vyote alivyoruka ili kufidia. Hakumwambia Tryphena, kwa sababu Tryphena angekataa. Hakumwambia Morris, kwa sababu hakutaka ijulikane mlimani kwamba anakunywa dawa ya huzuni.

Kila usiku alivipokea vile vidonge vitatu, akavificha chini ya ulimi, akanywa maji, na mkewe alipogeuka akavitoa na kuvifunga katika kipande cha karatasi ndani ya mfuko wa koti. Vingine viliyeyuka kidogo na kumwachia uchungu mdomoni. Aliuvumilia kwa ajili ya binti yake.

Jumanne alikuwa salama. Jumatano kichwa kilimgonga na tumbo likamchafuka. Alhamisi alitokwa na jasho akiwa kivulini, na usingizi ulipokuja ulikuja na ndoto za kelele. Ijumaa Mansur alimletea kitambaa cha sare, Noah akakitupa mezani.

"Kitambaa chako kimeoza! Kinavutika kama utumbo!"

Mansur alikiokota, akakikunjua, akakitazama kwenye mwanga. "Hiki ni kile kile cha jana, Fundi. Aliyebadilika ni nani?"

Noah aliificha mikono yake chini ya meza, ilikuwa ikimtetemeka.

"Waenda kutoa baraka kesho na uso huo?" Mansur aliuliza polepole. "Mimi sijapata kuionja hiyo pombe yenu tangu kuzaliwa, na watoto wangu sita wote nimewabariki. Sijui. Ni mambo yenu."

Jumamosi asubuhi, kwa Morris, hewa ilikuwa baridi na safi na moshi wa jikoni ulipanda wima. Watu wa ukoo waliketi uani kwenye mabenchi ya kanisa. Wakesho alifika akiwa amevaa leso mpya, amenenepa kidogo, macho yake yakimtafuta baba. Nyuma yake Musyimi, kijana mrefu mwenye kofia mkononi, alimvuta mbuzi asiyetaka kuvutwa.

"Shikamoo, baba," alisema Wakesho.

Noah alitaka kuitikia marahaba yenye upana wa miaka hiyo yote. Lakini alikuwa amebana meno asitapike, na sauti iliyotoka ilikuwa kavu na fupi. Wakesho alirudi nyuma hatua moja. Kwenye benchi la wanawake shangazi mmoja akasema, si kwa kunong'ona sana, "Mwaona? Bado."

Tryphena alitazama jasho la mumewe na kukunja uso. Akamchukua mtoto kutoka mgongoni kwa Wakesho na kumweka mapajani mwa Noah, kwa kuwa hakuna mtu anayeweza kukunja uso mbele ya mtoto kwa muda mrefu. Loise alikuwa na mashavu ya mama yake na paji la uso la Kikamba. Alimtazama babu yake, akavutiwa na koti lake, akaanza kulichunguza.

Morris alisimama na kibuyu. Alimwaga mbangara kwenye kata na kuisogeza. "Ndugu yangu. Watu wako hawa hapa."

Harufu tamu iliyochacha ilimfikia Noah kama ngumi. Alifunika mdomo kwa mkono na kugeuza uso pembeni.

Mabenchi yote yaligeuka kumtazama. Hata mbuzi aliacha kuvuta kamba.

"Amekataa," alisema shangazi.

"Noah," Morris alisema kwa sauti ya chini, "usifanye hivi mbele ya mtoto wako."

Wakesho hakulia. Alifunga leso yake upya kiunoni, kama mtu anayejiandaa kwa safari, akasema, "Musyimi, twende. Nipe mtoto."

Aliponyoosha mikono kumchukua Loise, mtoto alikuwa ameshapata alichokuwa anakitafuta. Karatasi ilikuwa imechanika, vidonge vilikuwa vimemwagika mapajani mwa babu, na kimoja kilikuwa njiani kuelekea mdomoni. Tryphena alivuka uwanja kabla ya mtu yeyote kujua kwamba ameinuka. Alikamata ule mkono mdogo, akakitoa kile kidonge, akatia kidole mdomoni mwa mtoto akakizungusha. Loise alipiga ukelele.

"Vilikuwa vingapi?" Tryphena alimwuliza mumewe. "Noah! Vingapi?"

"Kumi na... vitatu kila siku. Siku tano. Kumi na vitano."

Walipiga magoti wote, Tryphena, Wakesho, hata Musyimi na kofia yake, wakaokota kwenye mapaja na kwenye vumbi. Musyimi alihesabu kwa sauti. Kumi na vitatu, pamoja na kile cha Tryphena kumi na vinne. Wakesho alikuwa ameshika kifua. Shangazi alisema maziwa, mwingine akasema gari, na Morris akamwita Mungu bila kuweka kata chini. Kisha Musyimi alifungua ngumi ya kushoto ya mtoto, kidole kimoja baada ya kingine. Cha kumi na tano kilikuwa pale, kimelowa jasho la kiganja, kikiwa kizima.

Tryphena aliketi chini vumbini. Alikuwa mwalimu wa chekechea na alijua kuhesabu mpaka tano. "Jumatatu," alisema. "Jumanne, Jumatano, Alhamisi, jana. Kwa hivyo ndiyo sababu unatetemeka. Si hasira. Umeacha dawa."

"Dawa gani?" aliuliza Morris.

Noah alimtazama binti yake. Alikuwa ameifanya siri kwa ajili ya heshima, na sasa siri ilikuwa imekaribia kumla mjukuu wake. Alisimama polepole, kwanza mgongo, kisha magoti.

"Nilikuwa mgonjwa wa huzuni," alisema. "Si wewe, Wakesho. Ni ugonjwa. Nilipewa dawa hospitali, nikapona nayo. Dawa haipatani na pombe. Nikaona nikija hapa nikikataa mbangara utasema baba hajanisamehe. Nikaacha dawa, ili niweze kunywa. Ndiyo imenirudisha hivi. Sikugeuza uso kwa sababu yako. Nilikuwa karibu kutapika."

Watu waliguna. Ulikuwa mguno wa watu waliokuwa tayari kusikia kitu kingine.

"Uliacha dawa kwa ajili yangu?" Wakesho aliuliza.

"Kwa ujinga wangu. Wewe nilikuwa nakutaka tu."

Morris alitazama kata mkononi mwake. Kisha akainywa yote yeye mwenyewe, maana alikuwa mkulima wa miwa na hakupenda uharibifu.

"Baba yetu alipookoka," alisema akijifuta midomo, "mwaka mzima hakugusa mbangara. Shamba lilipotugombanisha, mimi na wewe, alitasa na nini?"

Noah alikumbuka. "Maji."

"Maji ya kisima. Na tulipatana. Sasa wewe ulidhani Mungu anaangalia kilichomo ndani ya kata?"

"Ungeniambia hivyo mwezi uliopita!"

"Ungeniambia wewe kwamba unaumwa!"

Wakaanza kucheka, kwanza wale wawili, kisha mabenchi. Wakesho mwenyewe ndiye aliyekwenda kuchota. Alirudi na maji ndani ya kata, akapiga goti mbele ya baba yake. Noah alichukua funda. Yalikuwa baridi. Akayanyunyiza upande wa jua linakotoka, na matone yakashika mwanga kidogo kabla ya kuanguka.

"Niliyonena nimeyatoa," alisema. "Nyumba yako ipoe. Mtoto wako alale, wewe ulale. Mume wako ni wa kwetu. Ng'ombe wake wanywe, mbuzi wake..." alimtazama yule mbuzi, "mbuzi wake atusamehe."

Alinyunyiza mara ya pili na ya tatu, kisha akanywa na kumpa Wakesho. Wakesho akanywa, akampa Musyimi, na kata ikazunguka uwanja wote, maji matupu, mpaka kwa shangazi, aliyesema yana ladha ya kutu lakini akayamaliza.

Jumatatu walikwenda hospitali. Tryphena alikuwa na wanafunzi wa ziada likizoni, kwa hivyo aliyemsindikiza Noah alikuwa Wakesho, mtoto mgongoni; alikuwa amelala kwao siku mbili.

Sista Umi alisikiliza hadithi yote akiwa ameshika kalamu. Ilipofika mahali pa mtoto aliiweka kalamu chini.

"Kama angemeza hata kimoja, mngefanya nini?"

"Tungengoja tuone," Noah alikiri.

"Msingoje. Mngekuja hapa mbio na karatasi yenyewe, hata kama acheka na kucheza. Dawa hii humkamata mtoto moyo." Alivuta pumzi. "Na hivyo vidonge kumi na vitano, ulivimeza jana kufidia?"

"Mama Wakesho amevichukua."

"Alhamdulillahi. Kilichorukwa kimerukwa, hakifidiwi. Daktari atakuanzisha tena chini, kimoja, kisha uongeze taratibu. Na siku utakayotaka kuacha, siku hiyo itakuja, lakini tutapunguza pamoja, kidogo kidogo, kwa wiki nyingi. Hii si taa ya kuzima. Ukiwa na sherehe, ukiwa na matanga, ukiwa na jino lauma, njoo uniulize kwanza. Maswali hayana foleni hapa."

Wakesho alikuwa na maswali. Aliuliza baba ale nini ili choo kisifunge. Aliuliza kama anaweza kupanda baiskeli asubuhi, na ule mkebe juu ya kabati ukae wapi sasa kwa kuwa Loise angekuja kila mwisho wa mwezi na ameanza kupanda viti. Aliuliza dalili za kurudi kwa ule ugonjwa, ili naye azijue. Sista Umi alijibu moja moja, na kadiri alivyojibu ndivyo alivyozidi kumtazama juu ya miwani.

"Wewe ni nani wake?"

"Mimi ni binti yake. Wa kwanza."

"Mbona tangu Machi sijakuona?"

Wakesho alifungua mdomo, lakini Noah alitangulia. Alikuwa bado amekaa, mikono juu ya magoti, imeanza kutulia.

"Alikuwa mbali kidogo," alisema. "Amerudi."

Sista Umi aliichukua kadi, akaandika juu yake, karibu na jina la Tryphena, jina la pili la mtu wa kuulizwa: Wakesho. Akauliza linaandikwaje jina la mume wa Wakesho, na Noah ndiye aliyelitaja, herufi moja baada ya nyingine.